Barua ya Wazi kwa Watani wa Jadi

Kwenu wajukuu zangu, mashabiki wa Taifa Stars, Harambee Stars, Cranes na Zanzibar Heroes,

Marahaba. Najua mngeniamkia kama tungeonana.

Mjukuu wangu mmoja hunisomea mnayoandikiana kwenye simu. Agosti 2025, wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, tulilolipokea kwa pamoja Kenya, Uganda na Tanzania, alikuwa akisoma huku akiruka maneno kwa kunistahi, mpaka ikawa nasikia kimya kuliko habari. Kenya walitolewa na Madagaska kwa penalti, Watanzania wakashangilia. Siku ileile Moroko wakatutoa sisi, Wakenya wakalipiza. Kesho yake Senegali wakawamaliza Uganda. Wenyeji watatu, wote nje robo fainali ndani ya siku mbili, na bado mkapata nafasi ya kutukaniana mama.

Ninyi mnajiita watani wa jadi. Nina neno juu ya jina hilo.

Mimi ni Mchaga wa Rombo, na watani wangu ni Wapare. Tulipomzika baba, Mpare mmoja alifika akajilaza kando ya kaburi, akasema mzee haendi popote mpaka alipe pesa ya ng'ombe aliyemdhulumu. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Alipoinuka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema. Asiyefika msibani kwangu si mtani wangu, hata anichekeshe namna gani.

Sasa tuje kwenye mpira. Mwaka 1926 Kenya na Uganda walianza kugombea kombe lililotolewa na kampuni ya Gossage ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni. (Ndiyo, sabuni. Nikikumbuka midomo yenu naona lile kombe lilikuja mapema mno.) Tanganyika ikaingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata baada ya vita. Nchi hizo nne, kila moja na gavana au sultani wake, zikawa zinapimana kifua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1967 jina likabadilika, na kuanzia 1973 ndiyo likawa hili Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, tunalolijua. Uganda walilichukua lile la kwanza. Mwaka uliofuata tukawabwaga kwa penalti hapa kwetu Tanzania.

Msidhani lilikuwa kombe la mchezo mchezo. Uganda walilibeba 1976, wakalibeba tena 1977, na mwaka 1978 wakafika fainali ya Afrika kule Ghana. Walinolewa na nani? Na jirani. Sisi tulipofuzu kombe hilo la Afrika kule Nigeria mwaka 1980, wengi wa waliotuzoesha kupigana vikumbo walikuwa haohao tuliowazomea Chalenji.

Ninachotaka mkijue zaidi ni cha mwaka 1977. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kijiji chetu kiko Holili. Shangazi yangu ameolewa Taveta, ng'ambo tu, ukipanda kilimani unaona mabati yao. Miaka sita hatukumtembelea kihalali. Walioenda walipita njia za panya usiku, na wengi walifuata sabuni na sukari, maana zama zile madukani kwetu ungekuta muuza duka na rafu zake tu. Wanasiasa walikuwa wanarushiana maneno mazito redioni.

Lakini mwaka 1981 Chalenji ilichezwa Tanzania, na Wakenya wakaja. Mpaka umefungwa, ng'ombe akivuka anakamatwa, ila Harambee Stars wameingia. Fainali ikawa sisi na wao. Tulikaa watu kama thelathini kuizunguka redio moja, betri tumezianika juani tangu asubuhi. Wakatufunga 1-0. Wakaondoka na kombe letu, kutoka nchi ambayo shangazi yangu hakuruhusiwa kuingia.

Ndiyo maana huwa nachukia nikisikia Chalenji ikiitwa kombe la mbuzi. Uganda walilichukua kwa mara ya 15 mwaka 2019, na tangu hapo ni kusuasua tu. Kalenda imejaa, wadhamini wamekimbilia makubwa, nanyi hamkuuliza. Zanzibar je? Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwapa uanachama, Julai ikawavua. Desemba vijana wale wakaenda Chalenji nchini Kenya, wakaitoa Uganda nusu fainali, wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji kwenye fainali pale Machakos, penalti ndizo zikawaangusha. Mtu aliyefungiwa mlango wa mbele mnamzibia na wa uani?

Basi nawaagiza. Makelele mnayopiga mtandaoni, pigeni mbele ya mashirikisho yenu mpaka Chalenji ya wakubwa irudi na tarehe zake ziheshimiwe. AFCON ya 2027, kombe la mataifa ya Afrika, tumekabidhiwa pamoja, nchi zilezile tatu. Timu moja ikitolewa, mashabiki wake wasibaki nyumbani kuombea nyingine zife. Mganda akija Dar es Salaam mwonesheni daladala za kwenda uwanjani, mchekeni jezi yake, kisha mpeni kiti. Kebehi soka yake mpaka uchoke. Mama yake, kabila lake na umaskini wa kwao havichezi namba yoyote.

Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983. Krismasi ile nilivuka kwenda kwa shangazi na mkungu wa ndizi begani. Wakenya walikuwa wameshalichukua kombe mara tatu mfululizo, na binamu yangu alikuwa amekaa na utani huo tangu ile ya kwanza bila mtu wa kumtolea. Alinisimamisha getini, akanitaka nitaje mabingwa wa 1981, 1982 na 1983 kwa sauti, ndipo niingie. Nikataja. Nilipoaga jioni alinitilia kwenye kikapu miche minne ya sabuni.

"Kombe hatuwapi," akasema, "ila mkaoge."

Ni mimi mzee wenu,
Holili, Rombo