Barua kwa Baba na Mama: wajukuu wa Conrad Weiser

Lancaster, Pennsylvania

Baba na Mama, shikamooni.

Sisi huku hatujambo, baridi imeanza kulegea na watoto wanaendelea vizuri na shule. Baba, uliniuliza kwenye simu wajukuu wako wakikulia huku watakuwa watu wa wapi. Nilinyamaza kwa sababu si swali la kujibiwa harakaharaka. Leo nakujibu kwa habari za mzee mmoja Mjerumani ambaye nyumba yake ya mawe ipo mpaka leo, huko Womelsdorf.

Aliitwa Conrad Weiser. Alizaliwa mwaka 1696 kijiji cha Affstätt, Württemberg. Mama yake alifariki mwaka 1709, mwaka wa baridi kali iliyoua mizabibu na mifugo, na nchi ilikuwa imechoshwa na vita. Baba yake, mwokaji mikate aliyewahi kuwa askari, alikusanya watoto wakaondoka. Mwaka 1710 walifika New York pamoja na Wajerumani wenzao karibu 3,000. Nauli ilitolewa na serikali ya Uingereza kwa sharti kwamba watalipa kwa kutengeneza lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita. Mamia walikufa safarini na muda mfupi baada ya kufika. Misonobari ile haikutoa lami ya maana, na mwaka 1712 posho ikakatwa. Kila familia ikaambiwa ijitafutie.

Basi baba yake akampeleka Conrad, kijana wa miaka 16, akakae kwa Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa huku, ajifunze lugha yao. Alikaa miezi kama minane, majira yote ya baridi, na njaa na nguo haba. Alirudi akiwa mkalimani. Kipande hiki kinanigusa kuliko vyote. Hospitalini ninakofanya ukalimani wanakuja akina mama wa Kikongo waliotoka kambini, na mara nyingi aliyekuwa akiwasemea kabla sijafika ni mtoto wao wa darasa la tano. Mtoto anabeba habari za ugonjwa wa mama yake mdomoni. Mizigo ya namna hiyo inamkomaza mtu kabla ya wakati wake, na nadhani ilimkomaza Weiser.

Mwaka 1729 alihamia Tulpehocken, akawa msemaji kati ya serikali ya Pennsylvania na Mataifa Sita ya Wairokwa, muungano wa wenyeji wa asili ambao Wamohawk walikuwa sehemu yake. Mwaka 1744 walikutana hapahapa Lancaster kufanya mkataba, yeye akiwa katikati. Lakini Baba, sitaki udhani namsifia tu. Bonde la Tulpehocken lilikuwa la Walenape, wenyeji wengine wa asili, na wageni walianza kulima humo kabla halijanunuliwa. Katika mkutano wa Philadelphia mwaka 1742, Walenape walipoamriwa kuondoka kwenye ardhi yao, aliyetafsiri maneno hayo alikuwa Weiser. Sisi ambao babu zetu waliona mashamba ya walowezi yakikatwa chini ya Kilimanjaro hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipofika huku mwaka 1755, Walenape walishambulia vijiji vya mpakani. Weiser, umri umekwenda, alikusanya wakulima wenzake wakashika silaha, na mwaka uliofuata alikuwa luteni kanali, akiongoza kikosi cha kulinda ngome za mpaka. Alifariki mwaka 1760.

Sasa wazao wake. Binti yake Anna Maria aliolewa mwaka 1745 na mchungaji Henry Melchior Mühlenberg, ambaye Walutheri wa Marekani wanamhesabu kama mzee wao, kama sisi wa Machame tunavyowataja wamisionari wa Leipzig waliokuja mwaka 1893. Mwaka 1763 mchungaji huyo aliwapandisha meli wanawe watatu, mdogo akiwa na miaka tisa, waende kusoma Halle, Ujerumani. Mkubwa, Peter, aliteseka kwa tajiri wake wa dukani huko Lübeck, akatoroka na kujiunga na jeshi, akarudi nyumbani. Baadaye alikuwa jenerali katika vita vya uhuru. Wa pili, Frederick, alikuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1789. Yule mdogo, Gotthilf Henry, alichunga usharika wa hapa Lancaster kuanzia mwaka 1780 mpaka alipofariki mwaka 1815, na alikuwa mtaalamu wa mimea. Kuna kobe mdogo wa mabwawani aliyepewa jina lake.

Baba, watu hao walikuwa Wamarekani hasa, walizaliwa huku na wakaitumikia nchi hii. Lakini baba yao aliona wanahitaji miaka kadhaa kule alikotoka yeye, akailipia, japo mmoja aliumia. Hilo ndilo jibu langu, na ndilo ombi langu. Nataka huyu mkubwa aje akae nanyi mwaka mzima, kuanzia Julai. Asome huko, aimbe kwaya ya vijana, aende kihambani nawe asubuhi, asikie Kimachame kila siku. Na kwa sababu ya yaliyompata Peter, simpeleki kwa mtu mwingine yeyote. Ni kwenu tu.

Naomba unijibu kabla ya Pasaka, maana shule ya huku inataka taarifa mapema. Ada nitatuma yote kwa mkupuo. Mama, kile chumba cha nyuma kinamtosha, na tafadhali usimpikie chakula chake peke yake. Ale ndizi kama wenzake.

Binti yenu