Barua ya wazi kwa meneja wa barabara: tuta moja halitatosha Sinza

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa Sinza, hapa Dar es Salaam, tumezoea kuomba matuta. Leo naomba kitu kingine: uzuie magari yasiyo na shughuli mitaani kwetu yasipite katikati ya nyumba zetu.

Eneo hili lilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Vibarabara vyake viliwekwa ili mtu afike kwake. Sasa, foleni ikishika barabara kubwa ya Shekilango au ya Sam Nujoma, dereva anachungulia ramani ya simu, anakata kona na kukatiza kwetu kwa kasi ya kufidia muda aliopoteza. Ni saa hiyohiyo watoto wanakwenda shule, na muuza samaki anapita na baiskeli yake, tenga nyuma.

Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Tafadhali ipime hiyo kwenye kibarabara kisicho na njia ya miguu. Gari la kilomita 30, mtoto akichomoka getini, linaweza kusimama ndani ya mita 13 hivi kama lami ni kavu na breki ni nzima. La kilomita 50, katika mita hizohizo, mguu wa dereva ndiyo kwanza unafika kwenye breki. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 kuzungumzia usalama barabarani walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari wanachangia njia, mwendo usizidi 30.

Watu wamejaribu kujiokoa wenyewe. Kuna tuta la saruji na kokoto lililomwagwa usiku, halina rangi wala alama. Ukilitazama mchana utaona michirizi ya chuma juu yake, na pembeni, kando ya mtaro, njia nyembamba iliyochimbwa na bodaboda wanaolikwepa. Njia hiyo ndiyo waliyobakiwa nayo waenda kwa miguu. Tuta lililotakiwa kuwalinda limewaletea pikipiki miguuni.

Ninachoomba ni nguzo fupi za zege, katikati ya mitaa michache itakayochaguliwa, zikiachana mita moja na nusu. Mtembea kwa miguu atapita, baiskeli itapita, guta na mkokoteni vitapita. Gari litafika kwenye nyumba yoyote, ila litaingia na kutoka upande uleule. Palo Alto, kule California, waliigeuza Bryant Street kuwa mtaa wa baiskeli kwa vizuizi vya namna hii mwaka 1982, na hadi leo watu wanaendesha hapo. Bodaboda na bajaji nao watapenya, sitaficha. Kwa ajili yao yanahitajika matuta mapana yaliyopimwa, yanayofika ukingo hadi ukingo, yenye rangi.

Najua majirani wana hofu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anauliza lori la saruji litafikaje. Lifike kwa upande wake wa mtaa, na nguzo zisiwekwe kabla ya kuzungumza naye. Wengine wanauliza kuhusu zimamoto na gari la wagonjwa: nguzo ya kati iwe ya chuma, ya kufunguliwa, ufunguo uwepo zimamoto na serikali ya mtaa. Hofu ninayoiona nzito kuliko zote ni ya wakazi wa mtaa wa pili, kwamba ukifunga kwetu magari yatahamia kwao. Wana haki kabisa. Kwa hiyo usifunge mtaa mmoja wa wenye sauti. Panga eneo zima kwa pamoja, magari yarudi barabara kubwa.

Kwa anayesema haiwezekani, namkumbusha maturubai. Mtaa ukiwa na msiba au sherehe, tunafunga njia kwa viti na turubai, wakati mwingine siku tatu mfululizo. Madereva wananung'unika kidogo, wanazunguka, wanafika. Siku hizo watoto wanacheza mpira barabarani bila mtu kuwaita. Njia tunayoifunga kwa ajili ya marehemu tuifunge basi kwa ajili ya walio hai.

Fedha najua hazitoshi. Anza kwa mapipa yaliyojazwa mchanga, miezi mitatu, kabla ya kumwaga zege. Hesabu magari kabla na baada, katika mitaa yote, si huu wetu tu. Jijini hapahapa mradi wa SARSAI wa Amend, shirika la usalama barabarani, ulitumia matuta, vivuko na njia za miguu za gharama ndogo karibu na shule, ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019. Utaalamu haupo mbali.

Naomba utupangie tarehe ya mkutano wa mtaa, jioni, watu wakiwa wametoka kazini, na uje na ramani. Waalikwe pia vijana wa kijiwe cha bodaboda na wale wa mtaa wa pili, maana bila wao hakuna nguzo itakayodumu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Sinza