Sauti ya kiume ilikuwa sharti, haikuwa nguzo ya wimbo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikilisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata pale nilipokerwa, lakini makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu "Bring Me to Life", wimbo wa mwaka 2003 wa Evanescence, bendi ya roki ya Marekani, imenifanya nishindwe kunyamaza. Mwandishi wako alidai kwamba wimbo huo ulibebwa na sehemu ya rapu ya mwanamume, na kwamba bila sehemu hiyo usingesikika popote. Hilo si kweli, na aliyeuimba amekuwa akilieleza kwa miaka mingi.

Amy Lee, mwimbaji wa Evanescence, hakuitaka sauti ile. Kampuni ya kurekodi ya Wind-up ndiyo iliyoshikilia kwamba lazima awepo mwanamume wa kurapu, kwa kuwa wakati huo nu metali, yaani roki nzito iliyochanganywa na rapu, ndiyo iliyokuwa ikiuza, na kwa hesabu zao roki nzito inayoongozwa na mwanamke aliyeanza na piano isingepata nafasi redioni. Walitaka rapu hiyo iingizwe katika nyimbo nyingi za albamu. Baada ya mvutano mkali wakakubaliana iwe kwenye wimbo mmoja tu. Ndivyo alivyoitwa Paul McCoy wa bendi ya 12 Stones, iliyokuwa chini ya kampuni hiyo hiyo, naye akaifanya kazi yake vizuri, wala sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kuliita sharti la wenye fedha ubunifu, kisha kumnyima sifa yule aliyelazimishwa kulikubali.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka 2004 nilikuwa mwimbaji wa bendi ya watu wanne, na baada ya kudunduliza fedha kwa miezi mingi tuliingia studio kurekodi wimbo ambao nilikuwa nimeutunga mwenyewe, maneno na sauti zake zote. Mtayarishaji alitusikiliza hadi mwisho, akavua vipokea sauti masikioni, akauliza: "Mwanamume wa kurapu yuko wapi?" Tulipomjibu kwamba hayupo, alitutajia wimbo huu huu wa Evanescence kama ushahidi kwamba msichana peke yake hauzi roki. Akamwita kijana aliyekuwa akikunja nyaya pembeni, akampa mistari aliyoiandika papo hapo nyuma ya karatasi ya risiti, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti changu. Kijana wa watu alikuwa akitetemeka hata karatasi ikasikika ikichakarisha kwenye rekodi, na mchakariko huo haukuondolewa. Kilichopunguzwa ni ubeti wangu wa pili, ili yeye apate nafasi. Nilisimama nyuma ya kioo nikiyatazama midomoni mwa mtu mwingine maneno ambayo hayakuwa yangu, ndani ya wimbo uliokuwa wangu, na sikusema kitu kwa sababu fedha tulikuwa tumekwisha kulipa. CD ile ninayo hadi leo. Kwa hiyo mwandishi wako anapoandika kwamba rapu ndiyo iliyobeba wimbo, ajue kwamba anairudia hoja iliyotumika kuwanyamazisha wasichana waliokuja studio baada ya Amy Lee, na kwamba hoja hiyo haikuwa na msingi tangu siku ile ya kwanza.

Angeweza kuupima ukweli bila taabu. Wimbo ulianza kupendwa baada ya kusikika katika filamu ya "Daredevil", wasikilizaji wakawa wanauomba redioni wenyewe, ukafika nafasi ya 5 katika chati kuu ya Marekani na kukaa nafasi ya 1 nchini Uingereza kwa wiki nne. Mwaka 2004 Evanescence walipata tuzo mbili za muziki za Grammy, moja ya wimbo huo katika roki nzito na nyingine ya msanii mpya bora. Kisha mwaka 2017, katika albamu ya "Synthesis", Amy Lee aliurekodi upya kwa okestra, na sauti ya kiume haimo kabisa. Sikiliza pale kwenye kiitikio, mahali palipokuwa na majibu ya McCoy: inabaki pumzi fupi, vinanda vinapanda, na wimbo unasimama wima kwa miguu yake.

Niwaguse pia watangazaji wa redio, maana nao wana sehemu yao katika kosa hili. Noti zile chache za piano za mwanzo ndizo zilizowatia hofu waliodhani piano haifai kwenye roki, na ndizo hizo hizo ambazo watangazaji huzifunika kwa salamu na majina ya wadhamini, kisha wanafungulia sauti gitaa zinapoingia. Msikilizaji mgeni atajuaje kwamba wimbo ulianzia kwenye piano ikiwa kila mara anaupokea kuanzia kwenye kelele? Mtangazaji anyamaze mpaka Amy Lee aimbe neno la kwanza. Ni sekunde chache tu.

Kwa upande wako, Mhariri, ninaomba mambo mawili. Mwandishi wako asikilize rekodi ya mwaka 2003 na ile ya mwaka 2017, moja baada ya nyingine, kwa vipokea sauti vya masikioni, kabla hajaandika tena kuhusu wimbo huu. Kisha masahihisho yachapishwe katika ukurasa ule ule wa burudani, kwa herufi za ukubwa ule ule, na ndani yake jina la Amy Lee litangulie jina la mwanamume yeyote.

Wako,
Mwimbaji wa zamani