Paji la Baba Awino

Kisumu, Jumapili jioni

Chebet mpenzi,

Salamu nyingi sana kutoka huku ziwani. Hujambo? Kogo hajambo? Na Kiprop, bado yuko Njoro au ameshahama? Sisi wazima, ila joto limetubana wiki nzima. Mawingu yanakusanyika kila alasiri halafu yanatawanyika bila tone. Usiku mama anaacha dirisha wazi, mbu wanafanya wapendavyo.

Najua una haki ya kuninunia. Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma mara nyingi na sikuujibu hata mara moja. Matokeo ya mtihani wetu wa leseni ya udaktari yalipotoka, jina lako likiwemo na langu likikosekana, kila nilipoanza kukuandikia pongezi nililia, na sikutaka zikufikie hivyo. Nikanyamaza. Wiki zikawa miezi. Nisamehe, dada. Nilikufurahia tangu siku ileile. Mama aliposikia umepangiwa intanshipu Nakuru alipiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Nimekaa kukuandikia leo kwa sababu ya Baba Awino. Unamkumbuka, yule aliyetutoa Dunga kwa mashua siku ile upepo ulipochafuka, wewe ukapiga magoti ukaanza kusali. Jumatatu alfajiri alirudi kutoka kuvua, akalala. Saa sita mchana mkewe akaja kwetu mbio bila viatu. “Daktari, njoo, mdomo umeenda upande.” Hapa mtaani wananiita daktari, nimewakataza nimechoka.

Nilimkuta ameketi kwenye stuli ya plastiki mlangoni, kikombe mkononi. Kila alipopiga funda, chai ilimtoka pembe ya kulia ya mdomo ikamdondokea shatini, naye anaifuta kwa kiganja kama mtu anayefuta mvua. Watu walikuwa wamejaa. Mmoja anasema ni upepo wa ziwa. Mwingine anasema kiharusi. Mzee mmoja alikuwa akinong’ona kwamba ametumiwa kitu na mtu wanayegombania nyavu. Mkewe analia.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, Baba, inua nyusi, kama umemwona mbuta mkubwa kuliko mashua. Akainua. Kushoto paji likajikunja mistari mitatu. Kulia hakuna kitu, ngozi imetulia kabisa, kama shuka lililopigwa pasi. Nikamwambia afumbe macho kwa nguvu. La kushoto likafumba. La kulia likabaki wazi, mboni ikakimbilia juu, nikaona weupe mtupu. Chebet, ile picha ya kitabuni ambayo tumeitazama mara mia ilikuwa inanitazama yenyewe, ina ndevu za siku tatu na harufu ya samaki.

Nikamshikisha vidole vyangu avibane, mikono yote miwili ilikuwa na nguvu sawa. Akasimama, akatembea hadi kwenye mwembe na kurudi. Nikawasha tochi ya simu nikamchungulia sikio kama lina malengelenge. Halina. Ndipo Awino akasema kwamba tangu aamke baba anamkaripia apunguze redio, na redio iko chini. Na mama yake akaongeza kuwa amesukuma sahani ya samaki akisema hawana chumvi.

Hapo mwili wangu wote ulisisimka. Redio na chumvi! Neva ya 7, ile ya uso, inapopita ndani ya mfupa nyuma ya sikio inatoa tawi kwa kile kimsuli kidogo kinachopunguza mtikisiko wa sauti, halafu tawi la ladha kwa theluthi mbili za mbele za ulimi, ndipo inatokea nje kwenda usoni. Mtu ambaye sauti inamwumiza sikio, chumvi haionji na uso umelala, hitilafu yake iko ndani ya mfupa, kabla ya matawi hayo mawili. Na paji likiwa limekufa, hitilafu iko kwenye neva yenyewe. Hitilafu ikiwa juu, kwenye ubongo, kwa kawaida paji linasalimika kwa sababu sehemu ya juu ya uso inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, wakati mdomo unategemea upande mmoja tu. Nikawaambia hiki si kiharusi, huu ni ugonjwa wa Bell, neva ya uso imepooza ghafla, na kuna dawa inayofaa ikianzwa ndani ya saa 72. Twendeni sasa hivi.

Tulikokwenda sitakutajia. Aliyekuwa zamu alimpima presha, akaikuta imepanda kidogo, akaandika kiharusi, akampa vidonge vya presha na karatasi ya kwenda kupiga picha ya kichwa kwa pesa ambazo Baba Awino hapati kwa mwezi. Hakumwambia ainue nyusi. Nikasema kwa adabu, daktari, paji lake halijikunji upande wa kulia. Akaniuliza ninafanya kazi wapi. Nikasema bado sijapata leseni. Akasema, basi subiri nje.

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la mbao kando ya mlango, na jibu lilikuwa limenijaa kifuani, sina pa kulipeleka. Nimefeli mtihani, nimelia, nimeona aibu mbele ya baba aliyeuza ng’ombe wawili ili nisome. Hakuna lililoniuma kama lile benchi. Saa 72 zilikuwa zinahesabika na mimi sikuwa na ruhusa ya kuandika hata mstari mmoja.

Jumatano asubuhi, baada ya kuwabembeleza siku nzima, tukampeleka kwingine. Tulimpata daktari mama, mtu wa makamo, mtaratibu. Alitazama paji kabla ya kusema neno. Akamwambia Baba Awino afuate kidole chake kwa macho, kulia, kushoto. Akapima sukari, akaomba kipimo cha virusi vya ukimwi, akamwandikia prednisoloni, ile dawa ya saa 72, na matone ya jicho, akamwonyesha mkewe namna ya kulifunga jicho kwa plasta usiku lisikauke. Nilitaka kumkumbatia. Akanigeukia, “Wewe ndiye uliyesema Bell?” Nikasema ndiyo. “Vizuri. Sasa niambie ni kiharusi gani kinaweza kulaza na paji pia.”

Nikanyamaza. Chebet, nilinyamaza kama jiwe. Akasubiri, akaona hakuna kinachokuja, akasema kwa upole, “Kasome ponsi,” akaita mgonjwa mwingine.

Tangu Jumatano ninaisoma ponsi, kile kipande cha katikati cha shina la ubongo. Neva ya 7 ikitoka kwenye kiini chake haiendi nje moja kwa moja. Inarudi nyuma kwanza, inakizunguka kiini cha neva ya 6, ile inayogeuza jicho kwenda nje, ndipo inageuka mbele kutafuta njia. Kiharusi kidogo tu mahali pale kinaua uso wote wa upande ule, paji likiwemo, na macho yote mawili yanashindwa kutazama upande huohuo. Ndiyo maana daktari alimfanya afuate kidole. Mimi sikumfanya. Nilisema Bell nikapatia, lakini nilipatia kwa bahati, maana sikuwa nimekifunga kile kimlango kingine. Angekuwa na kiharusi cha ponsi ningewaambia majirani wote watulie. Jambo hili linanirudia kila ninapozima taa.

Na unajua na mimi najua shina la ubongo tulilisoma lini. Januari 2020 tulirudi likizo kutoka chuo Uchina na begi dogo, tarehe 28 Machi Uchina ikafunga milango, na mpaka turudi ilikuwa mwisho wa 2022. Kipindi cha saa 2 asubuhi kule kilikuwa saa 9 usiku hapa. Nilikuwa naketi chini ya blanketi nisiwaamshe wengine, simu imeegemezwa kwenye sufuria, mwalimu anachora ponsi, mara bando linaisha, na linaporudi ameshafika kwenye ubongo mdogo. Wewe angalau ulikuwa na intaneti ya shemeji yako. Halafu tukaenda wodini kule wagonjwa wanaongea Kichina cha kijijini, sisi tumesimama nyuma ya watu kumi tukitazama migongo ya makoti meupe. Mgonjwa wa kwanza wa neva niliyemshika uso kwa mikono yangu ni Baba Awino, mlangoni pake.

Kwa hiyo naomba kitu. Lile daftari lako la kijani, ulilochorea shina la ubongo vipande vipande, kila kiini kwa rangi yake, bado unalo? Nililitazama siku ile tukisubiri basi nikajifanya silihitaji. Ninalihitaji sana. Mtihani umebaki wiki 7. Vitabu ninavyo, lakini vinaniorodheshea majina, na ulichochora wewe ni njia, mtu anaona neva inapita wapi na inakutana na nani.

Mengine yanakwenda. Uti wa mgongo umenikubali mwaka huu. Ninajichorea wima ukutani kwa chaki: njia ya nguvu inavuka kwenda upande wa pili juu kwenye piramidi, ile ya mtikisiko na mkao wa viungo inavuka juu pia kwenye medula, mwisho wa shina la ubongo, na ile ya maumivu na joto inavuka hukohuko chini ilikoingilia. Ukikata nusu ya uti, mguu wa upande uliokatwa unapooza na kupoteza hisia ya mtikisiko, na wa upande wa pili unatembea lakini hausikii moto. Nilikuwa naikariri, sasa naiona. Na ulijua kwamba Brown-Séquard, yule aliyeieleza hali hii, alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817? Mtoto wa bahari yetu hii hii ya Hindi. Sijui kwa nini hilo limenipa moyo, lakini limenipa.

Dawa ninazisoma kupitia watu wa nyumbani. Waya, shangazi yangu, ameanza dawa za kifua kikuu, akauliza kile kidonge kidogo cha pembeni ni cha kazi gani, nikamweleza kwamba isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, inamharibia vitamini B6, na asipokimeza nyayo zinaweza kuanza kuwaka moto. Hajakiruka tangu siku ile. Fenitoini, ile dawa ya kifafa, ndiyo inanisumbua. Ukiongeza kidogo tu, kiasi kilichomo kwenye damu kinaruka juu ghafla kwa sababu vimeng’enya vya ini vimeshajaa kazi, halafu mtu anayumba kama mlevi. Na Ochieng mdogo wetu amenisikia nikihesabu neva 12 za ubongo mpaka amezishika zote. Jana mama alimkonyeza asiseme jambo mbele ya wageni, yeye akatangaza, “Mama ametumia neva ya 7!” Wageni wakabaki wanatazamana.

Baba Awino bado yuko vilevile. Kila asubuhi kabla sijafungua kitabu napita kwake, anainua nyusi bila kuambiwa, na mimi natazama kulia. Bado. Najua wengi hupona na najua huchukua wiki kadhaa, nimemwambia hivyo mara nyingi, lakini jana aliniuliza, “Daktari, una hakika?” na jicho lile limefungwa plasta, nikasema nina hakika, na nikarudi nyumbani mikono inatetemeka. Yule mzee wa minong’ono naye hajanyamaza. Wanataka kumpeleka kwa mtu huko Seme Jumamosi ijayo. Nimemwomba mkewe wasikatize prednisoloni hata wakienda.

Sasa niambie wewe. Huko wodini unawaona hawa? Paji likilala kabisa hivi, umeona wakianza kurudi wiki ya ngapi? Unawaambia nini wasubiripo? Na mgonjwa wa uso akija, unaanza na macho au na paji? Wanakupa nafasi ya kulala? Unakula? Mara ya kwanza ulipotia saini chini ya jina lako, mkono ulitulia? Yale maswali ya neva uliyafanyaje, uliyasoma kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye ramani, au ulianza na ramani? Unaweza kunipigia usiku mara mbili kwa wiki, dakika 15 tu, unitajie mgonjwa na uniulize hitilafu iko wapi? Usinionee huruma, nikikosea niambie nimekosea. Na ukipata siku mbili za mapumziko, utakuja? Mama ameshasema chumba ni chako.

Barua hii nampa yule dereva wa matatu, shemeji yake Atis, kesho asubuhi, pamoja na kilo mbili za omena za Kogo. Zimekaushwa vizuri, asizioshe kwa maji mengi. Hurudi Kisumu Jumanne. Ukimpa daftari alifunge kwenye nailoni, maana mvua ikiamua kunyesha haitachagua siku.

Rafiki yako,
Akinyi