Kwa kaka yangu, kuhusu ile video uliyotuma

Kaka,

Ujumbe wako kwenye kundi la familia niliusoma nikiwa kwenye matatu, nikaufunga, nikaufungua tena. Video ya Victoria Mboko, yule Mkanada, akishinda mashindano ya tenisi ya Montreal, na chini yake ukaandika: "Leo mtoto wetu angekuwa hapa." Watu wakakujaza makofi na mioyo. Wifi hakuandika neno. Mimi pia nilinyamaza, maana binti yako yumo kwenye kundi lilelile, na najua aliiona kabla yangu.

Tangu tumzike Mama simu zangu hupokei. Wifi ameniambia kwamba huku mtandaoni unasoma, basi nakuandikia huku. Wengine wakisoma, wasome.

Huyo Mboko unayemtuma kwetu, mimi na wewe tulishamkuta kabla dunia haijamjua. Umesahau? Jumapili, tarehe 10 Julai 2022, sebuleni kwa Mama. Hatukuwa na picha, tulikuwa tunasoma alama zikibadilika kwenye simu yako uliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon, moja ya yale mashindano manne makubwa yanayoitwa Grand Slam. Upande wetu Angella Okutoyi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na huyo huyo Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Wetu wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakaingia ile taibreki ndefu ya kuamua mshindi, ya kufikia pointi kumi na kumzidi mwenzako kwa mbili. Ilipofika 9-9 ulisimama ukaenda mlangoni, ukasema huwezi kuangalia, nikakusomea mimi. 11-9. Mama akatoka jikoni akiuliza ni nani amefiwa. Ukamwambia, Mama, leo Mkenya amechukua Grand Slam, hajawahi kutokea. Ukalia mbele ya binti yako. Nilikupenda sana siku ile, kaka.

Basi kumbuka kwamba siku ile Mboko ndiye aliyeshindwa. Pointi mbili tu. Wangeulizwa waliokuwa uwanjani pale ni yupi atafika mbali, sidhani wangekubaliana.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko akaingia mashindano ya Montreal kwa kadi ya mwaliko, akiwa namba 85 duniani. Akamtoa Coco Gauff, akamtoa Rybakina, wote wakubwa wa mchezo huu, na kwenye fainali akamfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Hundi ya dola 752,275. Hiyo ndiyo dakika uliyotutumia. Lakini Januari ya mwaka huohuo alikuwa nje ya 300 bora, anacheza mashindano madogo ya W35 visiwani Martinique na Guadeloupe, kwenye viwanja ambavyo hakuna anayevirekodi ili vitumwe kwenye makundi ya familia. Alishinda mechi 22 mfululizo kuanzia huko. Hiyo Januari hukuituma.

Na Okutoyi? Mwaka 2023 alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani, akacheza kwa ajili ya chuo huku anasoma. Machi 2024 akaenda Accra kwenye Michezo ya Afrika akarudi na dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Bingwa wa Accra alikuwa na njia ya kwenda Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwa ndani. Dhahabu shingoni, na Paris hakwenda. Watu wakaanza kusema mtoto ameporomoka, na wewe ukawa miongoni mwao, nilikusikia siku ya posa ya binti wa Mama Mdogo. Nikakuuliza ulitaka azipate wapi pointi. Hukunijibu, ukaomba chumvi.

Nitakujibu mwenyewe, ingawa unaijua hesabu hii kuliko mimi.

Taji la Wimbledon la vijana halina pesa hata shilingi, na pointi zake haziingii kwenye orodha ya wakubwa. Kule unaanza upya. Ili jina lako lionekane kwenye orodha ya ubora ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, ni lazima upate pointi katika mashindano matatu, au ufikishe pointi 10. Pointi hizo zinatafutwa kwenye mashindano ya W15, ambayo zawadi yake yote, kwa wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili, ni dola 15,000. Wanaotaka kupanda wanakwenda Monastir kule Tunisia au Sharm el-Sheikh kule Misri, wanakaa wiki baada ya wiki wakicheza mashindano yaleyale hotelini palepale, na nauli, chumba, chakula na kocha ni juu yao. Anayetolewa raundi ya kwanza harudishi hata pesa ya chumba. Kisha kila pointi inadumu wiki 52 tu, halafu inaanguka. Ukiumia goti miezi sita, ulichojenga kinabomoka ukiwa kitandani. Kwenye Grand Slam wanaingia 128, na 104 kati yao wanaingia kwa namba zao za ubora. Wote hao, karibu bila kubakiza mmoja, walipitia miaka ya kushindwa na kulipa.

Mchezo huu mtu analipia kushindwa kabla hajalipwa kushinda, na anayelipa lazima akubali hivyo toka siku ya kwanza. Okutoyi alilelewa na nyanya yake aliyekuwa anafanya usafi shuleni, yeye na pacha wake, mama yao alifariki akiwazaa. Nyanya hakuwa na pesa. Lakini palikuwa na kituo cha shirikisho la kimataifa hapa Nairobi kilichombeba, kisha Morocco, na hakuna aliyemwekea kila kipigo mezani kama deni.

Sasa nifike pale.

Unajua siku ninayoisema. Zile meza za nje, chini ya ule mti mkubwa, klabu ambayo Baba alikuwa akichora mistari ya chokaa na hakuruhusiwa kukaa kwenye viti vyake. Binti yako alikuwa na miaka 14. Alikuwa amefungwa 6-1, 6-0 na msichana mkubwa kuliko yeye, na saa nane alikuwa na mechi ya wawili wawili. Alikaa, soda mbele yake haijafunguliwa, bado anahema. Ukatoa lile daftari la Kasuku. Mimi nilidhani unataka kumwonyesha mahali alipokosea, maana ulikuwa unaandika mechi zake. Ukaanza kusoma. Nyuzi. Viatu. Kiingilio. Mipira. Petroli ya kwenda Limuru, petroli ya kurudi. Kocha, Januari hadi Agosti. Ulisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya korti, na wazazi wa wenzake walikuwa meza ya pili. Ukamwuliza leo amepata pointi ngapi. Hakujibu. Ukamwuliza tena. Akasema kumi na tisa. Alikuwa amezihesabu, kaka! Mtoto aliyefungwa vile alikuwa amehesabu pointi zake, kwa sababu alizionea fahari. Ukachukua simu, ukagawanya, ukamwambia kila pointi moja imekugharimu shilingi ngapi.

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alivua viatu, akaviweka kwenye begi, akaliweka begi miguuni pako, akaenda kwenye gari na soksi. Saa nane mwenzake alisimama uwanjani na raketi mkononi hadi mwamuzi akaandika kwamba upande wetu haukufika. Mama yake yule msichana aliniuliza kama mtoto wetu ameugua. Nikasema ndiyo.

Hajashika raketi kwa mashindano tangu siku hiyo. Na wewe umetuandikia kwamba leo angekuwa Montreal.

Najua utakachosema, kwa sababu ulishakisema mbele ya wazee wakati wa matanga, chai ikiwa mkononi: kwamba mimi ndiye niliyemwingiza mtoto kwenye mchezo wa matajiri, mimi sina watoto wa kusomesha, mimi naota kwa mfuko wa mtu mwingine. Sawa. Tusikilizane. Raketi ya kwanza nilimnunulia mimi, Gikomba, ni kweli. Lakini nani aliukata mpini kwa msumeno na kuuzungushia mpira wa baiskeli ili umkae mkononi? Nani alinunua ile mashine ya mitumba ya kufunga nyuzi akaiweka chumbani hadi wifi akakosa pa kupitia? Nani alimwamsha saa kumi na moja alfajiri akamrushia mipira ukutani kabla ya shule, miaka yote ile, mvua na baridi ya Julai? Sijaona baba aliyempenda mtoto wake kwa mikono kama wewe. Ndiyo maana daftari lile siwezi kulimeza. Lingekuwa la mtu asiyejali, ningeshalisahau.

Na Kampala. Bado unaitaja Kampala kama kwamba niliiba mtoto. Nilimpeleka Lugogo wakati wa likizo, kwa mkopo wangu wa Sacco, wifi akijua. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ningenyimwa, na mtoto alikuwa bado ana njaa ya mchezo, ingawa huko alicheza mazoezi tu na hakutaka kuandikishwa. Nilitaka aone wasichana wa Uganda na Burundi wanaopoteza mechi asubuhi na jioni wanacheka na makocha wao. Nilitaka aone kwamba yupo Sada Nahimana, mtoto wa Bujumbura, aliyetoka kwenye viwanja vya ukanda huu akaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Tuliporudi hukumuuliza alichoona. Uliuliza nani amelipa basi. Ningepaswa kufanya nini, kaka? Nikae niangalie? Ningekuwa na Kampala nyingine, ningempeleka tena.

Wewe kipimo chako kilikuwa Paul Wekesa. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unaniambia kwamba Mkenya amefika namba 100 duniani, mwaka 1995, na huku tunaokota mipira ya wanachama unanionyesha jinsi anavyoanzisha mpira. Ulitaka mtoto awe Wekesa kabla hajafika kidato cha pili. Lakini hata Wekesa alipitia chuo Marekani kwanza. Mlango ulikuwa pale. Wakati ule timu moja ya wanawake ya daraja la juu la vyuo vya Marekani ilikuwa na nafasi 8 za ufadhili kamili: karo, chumba, chakula, kocha, viwanja, daktari wa magoti. Hawakutaka bingwa wa dunia. Walitaka msichana anayejua kushindana na mwenye alama nzuri darasani, na wa kwetu alikuwa wa pili darasani. Miaka minne ya kushindwa kwa gharama ya mtu mwingine! Nilikuletea karatasi zile, nimezichapisha kazini kwa siri. Ulizitumia kufungia nyanya, au ni wifi, sijui; nilizikuta jikoni kwenu.

Sisemi angekuwa Mboko. Mboko alikulia Kanada, kwenye nchi yenye viwanja vya ndani na shirikisho lenye uwezo, akiwa nyuma ya kaka na dada waliocheza tenisi ya chuo kabla yake. Huenda wa kwetu angeishia namba 700 na shahada ya famasia, na ningefurahi hivyohivyo. Ninachokukatalia ni kulilia kombe la Montreal mbele ya mtoto uliyemwambia bei ya pointi.

Tena hujui anachofanya Jumamosi, au unajifanya hujui. Anafundisha watoto. Ule uwanja wa saruji nyuma ya shule ya msingi, uliokuwa wa netiboli, amechora mistari ya tenisi kwa chokaa, upana kwa urefu, bila kamba, kama alivyofanya Babu yake. Wavu ni wa wavuvi, alinunua Kisumu. Watoto wanakuja wengi kuliko raketi. Mmoja wao, kasichana kadogo kanachocheza kwa mkono wa kushoto, anaupiga mpira kwa namna ambayo ungeketi chini. Wanapokosa, binti yako anawaambia, mzuri huo, rusha tena. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sijui alijifunza wapi maneno hayo, hapakuwa na mtu wa kumfundisha.

Futa ile video. Usinipigie mimi kuomba radhi, hujanikosea mimi, au umenikosea lakini hilo la kwetu litangoja. Zungumza naye. Kama maneno ni magumu, na nakujua ni magumu, raketi zao karibu zote nyuzi zimekatika, na fundi wa mjini anataka pesa ambazo hana. Mashine yako iko chini ya kitanda, wifi amenihakikishia kwamba bado inafanya kazi. Ibebe Jumamosi uje nayo. Wanaanza saa mbili, lakini wale wadogo wanafika mapema zaidi, kwa hiyo fika saa moja na nusu upate pa kuiweka kabla hawajaanza kukimbia ovyo.

Dada yako