Nani amekupima figo?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, kisha nikampa baba yako miwani naye asome. Unameza lithiamu kila asubuhi, eti usije ukapoteza kumbukumbu kama nkambo, mzee wetu? Nani amekupima figo?

Ile habari ya Harvard ya 2025 imefika hata huku Katuba, Lubumbashi. Walikuta lithiamu imepungua katika ubongo wa marehemu waliokuwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwamba madonge ya amiloidi, protini inayoganda ubongoni, huinasa, na panya waliopewa lithiamu oroteti kumbukumbu ikawarudia. Vizuri. Panya! Wewe una miaka 24 na unaongoza darasa.

Miaka 19 nilikaa wodi ya wagonjwa wa akili. Lithiamu kaboneti imeokoa watu mbele ya macho yangu, lakini hatukuitoa bila kupima damu, maana kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru ni majirani wa ukuta mmoja. Mikono inatetemeka, mtu anahara, anayumba kama mlevi. Tezi ya shingo nayo huharibika polepole. Na wewe ukiumwa tumbo la mwezi unakimbilia ibuprofeni, ambayo inazuia figo kuitoa lithiamu mwilini. Usinijibu kwamba vidonge vyako ni vidogo. Nimeuliza figo.

Wajomba zako wanacheka: Manono, hapa hapa Kongo, lithiamu imelala chini ya miguu ya watu, mtoto wetu anainunua Liège, Ubelgiji, kwa kopo.

Hofu yako najua ilikotoka. Ni mimi niliyekupigia usiku kwamba nkambo amepotea sokoni, hata habari ya mitihani sikuuliza. Ile ya kusema ugonjwa uko katika damu yetu, niliisema kwa hasira. Nkambo alikuwa na presha miaka mingi, na vidonge vyake vilikuwa vinajaa droo bila kumezwa. Muuguzi wa nyumba hiyo ulikuwa unamjua: ni mimi.

Kama ni ubongo unaulinda, wewe lala usingizi, tembea, pima presha. Hayo hayauzwi kwa kopo, ndiyo maana hamyapendi.

Jana nkambo alikula bukari na sombe, akasahau, akadai chakula. Nikampakulia tena. Makala ya kupikia yamepanda bei, na bati la jikoni linavuja tangu mvua ya kwanza. Pesa ya kopo lijalo itume huku, fundi anasubiri. Na majibu ya figo nitumie picha ya karatasi yenyewe, usinisimulie.

Mama yako