Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: glopu zikiisha madukani vifaranga wetu tuwapashe joto na nini?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Naandika toka Newala, huku juu mkoani Mtwara, mimi na mume wangu tunalima korosho na mimi pembeni nafuga kuku. Nimeona niandike hadharani maana hili si langu peke yangu, ukipita mtaani kwetu jioni kila nyumba ina lake la kusema kuhusu glopu.

Glopu nazosema ni zile za zamani, za kioo na kawaya ndani, zinawaka njano na ukizigusa zinaunguza. Zimeanza kuadimika. Mwaka juzi ulikuwa unaingia duka lolote la vifaa vya umeme unachagua ya wati 40, ya 60, ya 100, juzi nimezunguka maduka matano sokoni nimepata mbili tu za 100 tena za pini, za kuzungusha hakuna kabisa. Wenye maduka wanasema wa jumla hawaleti tena, wanaleta LED, hizi taa mpya zinazokula umeme kidogo. Na ndo dunia inakoelekea, Ulaya walianza kuziondoa Septemba 2009 kwa zile za wati 100 wakamaliza 2012, Marekani nao tangu Agosti 2023 taa ya kawaida ya nyumbani isiyofikisha lumeni 45 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwa kila wati haiuzwi, na glopu ya wati 60 inatoa kama lumeni 13 tu kwa wati. Zamu yetu inafika na kwa hivi ninavyoona madukani imeshaanza kufika kimyakimya.

Mheshimiwa mi sipingi LED, naomba hilo lieleweke mapema. Nimepiga hesabu mwenyewe kwenye daftari. Glopu tatu za wati 60 zikiwaka masaa sita kila usiku zinakula uniti 32 na ushee kwa mwezi, LED tatu za wati 9 masaa hayohayo hazifiki hata uniti 5. Na sisi tulio kwenye tarifu ya matumizi madogo tunajua maana ya uniti 75, mpaka hapo unalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ukivuka zile za juu ni 350. Kwahiyo ndani kwangu nilibadilisha zote, sebuleni, chumbani na jikoni.

Sasa sikia ilivyokuwa. Tulibadilisha mwaka jana pesa ya korosho ilivyoingia, nikanunua LED nne za shilingi 2,500 kila moja, boksi limeandikwa masaa 15,000 na nembo zimejaa mpaka hakuna nafasi. Kufika Pasaka mbili zimekufa, moja ikawa inapepesa kama inakonyeza macho. Umeme ukipanda na kushuka mara mbili usiku mmoja zenyewe zinaondoka. Nilivyozirudisha dukani naambiwa taa haina garantii. Mume wangu akasema si unaona, glopu ya buku moja ilikaa pale jikoni mwaka mzima, na akairudisha. Mimi nikaitoa, yeye akairudisha, tumeishi hivo wiki nzima. Hatumlaumu mtu kwa kuwa mbishi Mheshimiwa, mtu aliyetoa 10,000 yake ikaungua ndani ya miezi minne huwezi kumwambia habari ya kuokoa umeme akakusikiliza. Majirani wengi walioanza na LED wakarudi kwenye glopu walirudi kwa sababu hiyohiyo.

Mama mkwe wangu yeye tatizo lake ni rangi. Amekulia kwenye koroboi, akaja akaona glopu, zote mwanga wake wa njano, sasa hii nyeupe anasema inamuumiza macho na chumba kimekuwa kama wodi. Tena masika yakianza kumbikumbi wanaifuata ile nyeupe mpaka tunakula gizani. Nikamuuliza fundi, akanionyesha kwenye boksi, ikiandikwa 2700K ni ya njano, 6500K ni nyeupe kabisa. Kumbe LED ya njano ipo! Ila Newala nzima nilikopita ni 6500K tupu, hakuna anayeleta nyingine. Ningekuwa nimempata hiyo ya njano mapema mama asingelalamika hata siku moja.

Na zile enaji seva za mirija zilizotangulia, zile zina zebaki ndani. Nchi nyingi zilikubaliana mwaka 2022 kwenye mkataba wa Minamata, ule wa kupunguza zebaki duniani, kwamba zile ndogo za nyumbani mwisho wake ni 2025. Vizuri, lakini zilizokufa bado ziko mashimoni nyuma ya nyumba zetu na watoto wanazichezea, hakuna aliyewahi kutuambia tuzipeleke wapi.

Haya, sasa nije kwenye vifaranga, ndicho hasa kilichonitoa kuandika.

Asilimia zaidi ya 90 ya umeme unaoingia kwenye glopu unatoka kama joto. Ndo maana inafukuzwa, kwa mwanga ni hasara kweli. Lakini Mheshimiwa kwa mfugaji wa kuku wachache glopu sio taa, ni jiko. Kifaranga wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Newala mwezi wa 6 na wa 7 ni upepo na ukungu, usiku unalala na blanketi, kifaranga wa siku tatu akikosa joto wanarundikana pembeni ya boksi asubuhi unaokota waliokufa kwa kukandamizana. Mimi kwa vifaranga 50 nawasha glopu mbili za 100, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 asubuhi jua likishapanda. Hiyo ni uniti 3.2 kwa siku, siku 21 inakuwa 67. Ukijumlisha na zile 5 za LED za ndani bado niko chini ya 75, chaji ya simu inaingia, tv tunazima. Kwahiyo LED za ndani ndo zinazonipa nafasi ya glopu bandani, nazihitaji zote mbili.

Bila glopu kinachobaki ni mkaa. Jirani yangu alikosa taa mwaka jana akaweka jiko la mkaa ndani ya banda na akafunga madirisha kwa ajili ya baridi, asubuhi vifaranga zaidi ya 40 wamekufa wote kwa ile hewa, na banda la jirani mwingine liliungua maranda yaliposhika cheche. Huko Ulaya na Marekani sheria zao ziliacha pembeni taa maalum za kupashia joto, zile za infraredi. Hizo nyekundu fundi anaweza kuniagizia toka Dar lakini zinazokuja ni za wati 250, ikiwaka masaa hayohayo ni uniti 84 kwa siku 21, nimeshavuka.

Ninachoomba Mheshimiwa. Mkae na wenzenu wa viwango, LED zipimwe kabla hazijashuka bandarini, na ikifa kabla ya mwaka duka libadilishe bila maneno. Za njano nazo zifike huku. Na siku mkiandika katazo la glopu, andikeni humohumo kwamba taa ndogo za joto za wati 60 mpaka 100 za kulelea vifaranga zinabaki, na zipatikane Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, zisiishie Dar.

Vifaranga wangu wanafika wiki ya pili ya mwezi wa 7, nimeshalipia. Zile glopu mbili za pini nimezifunga kwenye kanga juu ya kabati na fundi anakuja Jumamosi kunibadilishia holda. Moja ikiungua sina nyingine.

Mama mfugaji, Newala